Mota Yenye Pupa na Kerezo la Nyumbani

Tangu mtambo mpya wa umeme ulipozinduliwa Juba mwaka 2019, vijana wengi wa mji huu wamepata hamu ya kujiundia mashine. Hapa Gurei, kijana wa jirani yangu, mtoto wa askari, alijitengenezea kerezo la kuchongea miguu ya viti kwa mota ya pampu kuukuu ya maji. Siku alipoiwasha, gogo lilichomoka likapita juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wakitazama. Mungu alitunusuru.

Ubaya haukuwa katika mikono yake, bali katika mwendo. Kibao cha mota kilisema waziwazi: mizunguko 2,850 kwa dakika. Mwendo huo waifaa pampu. Gogo nene lisilo na mizani haliustahimili.

Kijana alikusudia kufunga swichi ya feni ya dari ili apunguze umeme. Nilimsihi asithubutu. Mota ya namna hii hufuata mapigo ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Ikipunguziwa volti huku imebebeshwa mzigo, hulemewa, hupata joto na nyaya zake huungua. Kuisuka upya ni gharama ambayo mshahara wa baba yake haungeiweza.

Dawa yake ni puli mbili na mkanda. Zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli yake, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli ya kerezo. Puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 20 kwenye kerezo hutoa mizunguko ipatayo 712. Mwendo hupungua mara nne, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo patasi haililemei gogo kwa urahisi.

Mkanda na ufunikwe kwa bati, mota iungwe waya wa ardhini, na plagi ichomolewe kabla ya kugusa puli. Mikono ya shati ikunjwe, nao watoto wakae mbali.

Leo kerezo lile linazunguka kwa utulivu, na viti vinne vimekwisha kuuzwa. Wazazi wenzangu, tusiwavunje moyo vijana wenye kuunda vitu. Tuwafundishe hesabu ya kazi yao, maana ndiyo ilindayo vidole na macho yao.