Tulikuwa Wanne Barazani

Ukumbini kwangu, hapa Mji Mkongwe, Unguja, ipo rafu yenye vyombo vitatu vya bahari: jahazi, mashua na ngalawa. Jahazi ndilo kubwa kuliko vyote, nalo lina urefu wa sentimita 75. Limetimia kila kitu: mkuku, mataruma, usukani, mlingoti, foromali na tanga. Chini ya rafu, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kanga kuukuu, kimo chombo cha nne ambacho hakijaisha. Hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa wanne. Kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri tulikusanyika barazani kwangu, tukaunda vyombo vya mfano mpaka adhana ya Magharibi ituinue. Majina ya wenzangu nayaacha, kwani wana watoto na wajukuu. Nitawaita kama tulivyoitana wenyewe. Nahodha alikuwa mtu wa bahari tangu ujana wake. Maalim alisomesha hesabu skuli hadi akastaafu. Fundi alikuwa mshona nguo. Mimi, niliyemaliza umri wa kazi nikiandika barua za wakubwa, waliniita Karani. Leo Karani amebaki peke yake.

Wapo wanaodhani kuwa kuunda kijahazi ni kuchonga gogo na kulivika kitambaa. Kwetu haikuwa hivyo. Mafundi wa vyombo wa pwani yetu huunda kwa jicho na uzoefu, bila ya mchoro; vipimo vimo vichwani mwao. Kwa hiyo Maalim alikuwa akishuka bandarini Malindi na kamba yenye mafundo, akaomba ruhusa kwa wenye chombo, akakipima kikiwa kimepwelewa, kutoka omo hadi tezi, na kuandika kila kipimo katika daftari lake lenye jalada jekundu. Kisha akagawa kwa ishirini. Mita moja ya bandarini ikawa sentimita tano za barazani.

Kitambaa, hata hivyo, hakikubali kugawanywa kwa ishirini. Merekani, iliyo nyepesi kwa chombo cha kweli, kwa kijahazi huwa nzito kama ubao. Fundi alijaribu melimeli, ikalegea. Mwishowe akaja na vipande vya bafta, masalio ya kazi yake nyingine, maana yeye ndiye aliyewakatia sanda maiti wa mtaa wetu, bila ya ujira. Nahodha alisita kuigusa. Fundi akamwambia, “Nahodha, hii ni nguo tu. Safari ndizo zinazotofautiana.” Tanga la jahazi letu ni bafta hiyo mpaka leo.

Nahodha na Maalim waligombana mara moja tu, kwa ajili ya mlingoti. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Maalim alikuwa na pembe yake daftarini, na Nahodha alikuwa na jicho lake. Maneno yakapanda, kila mmoja akashika njia yake. Siku ya pili Nahodha akabisha hodi kwa Maalim mara tu baada ya Alfajiri. Alisema kuwa Mtume (s.a.w.) hakutuhalalishia kumsusa ndugu zaidi ya siku tatu, naye haoni sababu ya kuzimaliza zote. Mlingoti ukasimama katikati ya pembe zao mbili.

Mjukuu wangu aliwahi kuuliza mbona jahazi halina watu. Maalim alimweleza kuwa Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mtengeneza sanamu mmoja achore miti na visivyo na roho, nasi tumeridhika na hayo. “Sisi tunawatengenezea mabaharia pahala pao,” alimwambia. “Roho hazimo mikononi mwetu.”

Siku nyingine imamu wetu alipita, akasimama kututazama. Alituuliza kwa upole kama hatuogopi kuwa miongoni mwa wale waliopunjika katika neema mbili ambazo Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha nazo: afya na faragha. Hatukuwa na jibu. Tuliinamisha vichwa, na Jumamosi hiyo tuliondoka mapema.

Wa kwanza kutangulia alikuwa Fundi. Maradhi ya sukari yalianza kwa kumdhoofisha macho, hata akawa anatunga uzi sindanoni kwa kupapasa. Mwanafunzi wake ndiye aliyemkatia vipande vitatu vya bafta.

Jumamosi iliyofuata tulikaa watatu, na hakuna aliyegusa tezo wala msasa. Nikasema, labda ili kuvunja ule ukimya, kwamba Inshaallah Fundi sasa ana macho yasiyohitaji miwani, na mbele yake ipo bafta isiyokwisha. Nikaendelea: mbao zisizopasuka, gundi isiyochelewa kukauka, upepo wa kusi usiomwangusha mtu. Nahodha akanikatiza. “Karani, tusiyazue mambo ya ghaibu. Tumeambiwa kuwa humo mna ambayo jicho halijapata kuyaona.”

Maalim akatukumbusha Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Mtu mmoja katika watu wa Peponi atamwomba Mola wake ruhusa ya kulima. Ataulizwa kama hayumo katika kila alitamanilo, naye atakiri kuwa yumo, ila anapenda kulima. Basi atapanda mbegu, na kabla jicho halijapepesa mimea itaota, itakomaa na kuvunwa, mavuno yakiwa kama milima. Bedui mmoja aliyekuwapo akasema kuwa mtu huyo hawezi kuwa ila Mkureshi au Answari, kwani wao ndio wakulima, na Mabedui si watu wa kilimo. Mtume (s.a.w.) akacheka.

Nahodha alinyamaza muda, kisha akasema, “Kama mkulima hakukatazwa kuomba jembe, huenda Fundi naye hatakatazwa sindano.” Tukacheka, na wakati huohuo tukafuta macho.

Usiku ule Hadithi ile haikunitoka. Mazao ya yule mkulima yalikuwa tayari kufumba na kufumbua. Je, jahazi lililoundwa kwa mpepeso wa jicho lingetufurahisha sisi, tuliochukua miezi kumi na minne kuliunda hili moja? Nilitambua kuwa sikuwa nikitamani jahazi. Nilikuwa nikitamani zile Alasiri, watu wanne wameelekeana, ubishi wa mlingoti na kahawa inayopoa. Na hapo nikakumbuka kuwa Qur’ani, katika Surat al-Hijr, imekwisha kutuambia hali ya watu wa Peponi: kinyongo kimeondolewa vifuani mwao, ni ndugu, wamekaa juu ya viti wakielekeana. Sikuhitaji kubuni Pepo ya waunda vijahazi. Nililolitamani zaidi limekwisha ahidiwa, kwa atakayerehemewa.

Chombo kilichomo kikapuni ni mtepe. Tulikuwa tukienda mara kwa mara Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, kuutazama mtepe mkubwa uliokuwa ndani yake, ulioundwa upya mwaka 2003 kwa mfano wa mitepe ya kale. Mtepe haukupigwa msumari; mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Maalim aliupenda kwa sababu yake mwenyewe. Katika Surat al-Qamar, safina ya Nabii Nuh (a.s.) imetajwa kuwa ni ya mbao na “dusur”. Wengi wamelifasiri neno hilo kuwa ni misumari, lakini wanalugha wa Kiarabu wametaja pia kamba za nyuzi zinazofungia mbao.

Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Ijumaa, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha, Allah awarehemu. Kesho yake tulikaa watatu, Maalim akasema tuanze mtepe wetu. Mitepe ya kale imekwisha baharini. Tunaijua kwa picha, kwa maandishi ya wasafiri na kwa mifano midogo kama ile ya makumbusho ya Lamu. “Karani,” aliniambia, “imamu alituuliza swali. Huenda hili ndilo jibu. Mtu alikaa barazani kwake akaunda kidogo, na kikubwa kilipopotea, kidogo kikabaki kusomesha.”

Nahodha alifariki tumeshona mistari mitatu ya mbao. Maalim alimfuata mwaka juzi. Wanawe, katika kusafisha nyumba, walichoma makaratasi ya skuli ya miaka mingi, na daftari jekundu lilikuwa humo. Siwalaumu. Sisi wenyewe hatukupata kuwaambia watu wa nyumbani kuwa kilichoandikwa mle kina thamani gani. Mtume (s.a.w.) alimwonya Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale nyusiku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Tulifikiri wasia ni wa nyumba na mashamba.

Na mimi nilikuwa na langu. Siku Maalim alipolazwa, kekee yake ndogo ya kutobolea mbao ilikuwa kwangu. Bila ya kekee ile mtepe haushoneki, kwani kila ubao unataka matundu membamba ya kupitishia uzi. Nikajiambia nitairejesha nikimaliza. Lakini mali ya maiti huwa ya warithi tangu pale roho inapotoka. Kwa mwaka mmoja na nusu nilitumia kitu cha mayatima na mjane bila ya ruhusa yao, nikijidanganya kuwa namuenzi rafiki. Usiku wa Ijumaa moja, nikimwombea dua, nilishindwa kulitaja jina lake.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake. Mwanawe mkubwa alinipokea, nami nikamweleza yote na kumwomba radhi yeye, mama yake na ndugu zake. Aliipokea kekee, akaigeuzageuza kiganjani, akaniuliza ni ya kufanyia nini. Nikaona kuwa si daftari tu lililopotea. Nikamweleza. Akasema, “Babaangu mdogo, hii si yangu peke yangu. Nitawauliza wenzangu.” Nikarudi mikono mitupu, lakini usiku ule nilimwombea Maalim kwa jina lake.

Jumamosi iliyopita, baada ya Alasiri, kijana yule alikuja. Alisema mama yake na ndugu zake wameridhia kekee itumike mpaka mtepe uishe, ila wameshurutisha kuwa haitatoka mkononi mwake yeye. Alikaa pembeni mwa baraza, si pale alipokuwa akikaa baba yake. Nikakifunua kikapu. Tundu la kwanza alilitoboa mshazari, la pili likapasua ubao, la tatu likakaa sawa. Adhana ya Magharibi ilitukuta tumeshona urefu wa kidole.

Kesho nitanunua daftari jipya. Tutapima upya tulivyovipima, na mahala pa kuliweka daftari hilo patajulikana na watu wa nyumba zote mbili.

Ewe Mola wetu, warehemu Fundi, Nahodha na Maalim, yasamehe makosa yao na yetu, na utukutanishe nao tukiwa ndugu tulioelekeana. Amin.