KISU CHA STAA KILIVYOMTOA DAMU MPWA WANGU

Wadau, hii nimekaa nayo wiki tatu, leo naitema.

Kuna staa mmoja hivi wa Bongo Fleva, jina nalihifadhi, aliposti video anamenya chungwa. Kisu kinafunguka "chwaa!" kwa kidole kimoja. Mimi huyooo hadi Sirari mpakani, nikakipata cha hivyo hivyo kwa machinga. Nikarudi Mugumu najiona staa.

Sasa visu vya kukunja havifunguki sawa. Babu anacho Opinel ya Ufaransa, mpini wa mti, aliachiwa na mtalii enzi anafanya kazi Ikoma. Kile ni mkono mtupu: unaingiza kucha kwenye kimfereji, unavuta mpaka mwisho, halafu unazungusha pete ya chuma shingoni kisijikunje. Hiyo pete ipo tangu 1955. Ukiacha kuvuta katikati, kinakusubiri hapo hapo.

Changu kina springi. Wewe unaanza tu, unasukuma kale kajino kanakochomoza mgongoni, springi inamalizia. Ikishaanza husemi nayo tena. Na hiki siyo kile cha kubonyeza kitufe kwenye mpini, japo wanafanana. Marekani sheria yao ya 2009 inavitenganisha, Uingereza ile ya 2019 imevitia kapu moja na kuvipiga marufuku vyote.

Haya, suruali yangu ipo kwenye msumari. Mpwa wangu, miaka sita, anatafuta hela ya andazi. Kakitoa, kameshika vibaya, kamegusa kajino. Chwaa! Kiganja nyuzi tatu. Cha babu asingekiweza, hata kucha hana.

Dada hakunisemesha siku nne. Babu yeye aliuliza tu, "Mjukuu wangu, ulikuwa unakata nyama au ulikuwa unakimbizwa?" Sikuwa na jibu. Nusu sekunde niliyookoa niliipeleka wapi?

Nilichukua bisibisi nikatoa springi. Kumbe springi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inakibana kikiwa kimefungwa! Sasa kinachezacheza, mfukoni ndiyo hatari zaidi. Kiko juu ya kabati la babu, kimefungwa na mpira wa baiskeli.

Juzi staa kaposti tena, anakula tikiti. Kuzeni picha muangalie kidole gumba. Plasta ile, au ni macho yangu?