Mgeni wa Siku ya Tatu

Ujumbe wa kuaga ulikuwa mfupi. Msimamizi wa seva yetu ya Mastodon alisema kazi ya ajira imembana, bili zimepanda na usingizi umepungua, hivyo baada ya miezi mitatu atazima mitambo. Akatushukuru, kisha akatueleza namna ya kuhamisha wafuasi kwenda seva nyingine na kupakua maandishi yetu kabla ya siku hiyo. Nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Nikajiambia nitalishughulikia Jumamosi.

Jumamosi zilikuja zikapita, kumi na mbili zote. Nilipokumbuka, anwani ile haikufungua kitu. Maandishi yangu ya mwaka na ushee yalikwenda na maji, na watu wasiofika mia mbili wakabaki wakimfuata mtu asiyekuwepo. Mastodon ina utaratibu wa kuhama, lakini seva ya zamani lazima iwe hai ili iseme umehamia wapi. Ikishazimwa, hakuna wa kukuelekezea wageni wako.

Hilo ni kosa langu la mwisho katika kisa hiki. Mengine yalianza zamani.

Sisi tuliojifunza intaneti kwenye kafe za kulipia nusu saa hatukulijua neno ugatuzi, lakini tulikuwa tukiishi ndani yake. Mimi nilikuwa na barua pepe ya Yahoo, binamu yangu aliyekuwa Muscat alikuwa na ya Hotmail, na barua zetu zilipishana juu ya bahari bila kampuni moja kuiomba nyingine ruhusa. Wala hatukuona ajabu. Tabu tuliiona baadaye, kwenye fedha za simu. Mama alikuwa na laini tatu kwenye kona ya kanga, kila laini na mtoto wake, kwa sababu kila mtoto alikuwa mtandao wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikafungua njia ya kutumiana fedha, Vodacom ikaingia 2016, na kanga ya mama ikapumua.

Kwenye mitandao ya kijamii tulikwenda kinyumenyume. Tuliingia Facebook kwa sababu shule nzima ilikuwa Facebook. Tukaingia Twitter kwa sababu ndiko walikokuwa wanahabari na wenye maneno makali. Wakenya wakajiita KOT (Kenyans on Twitter), sisi tukajiita TOT (Tanzanians on Twitter), tukatambiana mpaka usiku. WhatsApp ikachukua misiba, harusi na vikoba. Yalikuwa majumba ya watu, nasi tulikuwa wapangaji wasiodaiwa kodi. Nani angelalamika?

Onyo tulipata tarehe 4 Oktoba 2021. Jioni ile Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja dunia nzima, zikakaa gizani kwa takriban saa sita. Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa na kikao cha michango ndani ya WhatsApp. Mweka hazina hakuwa na daftari; kila ahadi ilikuwa kwenye kundi. Wazee wakapigiana simu za kawaida, kila mmoja akikumbuka ahadi ya mwenzake kuwa kubwa kuliko alivyokumbuka mwenyewe. Usiku wa manane mitandao iliporudi tulicheka, tukatumiana vikatuni, tukaendelea kama kawaida.

Tarehe 27 Oktoba 2022 Elon Musk alikamilisha kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Siku chache baadaye akafukuza wafanyakazi kwa maelfu, na ofisi pekee ya kampuni hiyo barani Afrika, ile ya Accra, ikafagiwa. Ndipo nilipohama. Nilihama kwa hasira na madaha, nikatangaza kwamba mimi si mtu wa kukaa kwa bilionea, nikaacha anwani yangu mpya juu kabisa ya ukurasa.

Sikuwa peke yangu. Mastodon, programu aliyoianzisha Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ilikuwa na watumiaji hai kama laki tatu kwa mwezi. Ghafla wakawa milioni 2.5. Hapakuwa na kampuni moja ya kuwapokea, wala ndivyo ilivyoundwa. Kuna maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe na kanuni zake, zikizungumza kwa itifaki iitwayo ActivityPub ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha Januari 2018. Wewe uko seva hii, mimi ile, na tunasomana kama Tigo na Airtel walivyokuja kutumiana fedha.

Nakumbuka miezi ile kwa raha. Ukurasa ulifuata saa: aliyeandika mwisho alikuwa juu, basi. Hapakuwa na tangazo la kubeti. Chapisho lilikuwa na herufi 500 badala ya 280 za Twitter, zikatosha kumaliza hoja bila kuikata vipandevipande. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa Ujerumani na bibi mmoja wa Lamu walibishana juma zima kuhusu majina ya sehemu za jahazi, na hakuna aliyemtukania mwenzake mama. Nilikuwa nimesahau kwamba mtandaoni watu huweza kubishana hivyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msimamizi wetu, kijana aliyeishi Ulaya na ambaye sikupata kumwona sura, alinipa jembe mara mbili.

Mara ya kwanza aliweka hesabu hadharani: seva inagharimu kiasi hiki kwa mwezi, michango imefika kiasi hiki, pengo nalijaza mimi. Pengo lilikuwa kubwa. Nikasema sina kadi ya benki ya kulipia nje. Uongo wa nusu. Ningeweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu kwa dakika tano, kama nilivyofanya nilipotaka kutazama mpira.

Mara ya pili aliniandikia faraghani. Kuna malalamiko yanaletwa kuhusu machapisho ya Kiswahili, alisema, nami natumia mashine kutafsiri, na mashine haijui tusi wala utani. Je, ningeweza kumsaidia kuyasoma, hata mara moja kwa wiki? Nikajibu kwamba nitamrudia. Sikumrudia.

Ukimya huo unaniuma kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele Twitter kwamba makampuni makubwa hayajali lugha zetu, kwamba chuki ya Kiswahili inapita kwa sababu hakuna anayeisoma. Nilipoombwa niwe msomaji huyo, nikawa na shughuli nyingi. Na kazi ile haikuwa ya mzaha. Julai 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza seva kubwa za Mastodon kwa siku mbili tu, wakakuta picha 112 zilizokwisha kutambulika za udhalilishaji wa watoto. Takataka ya namna hiyo kwenye kampuni huzolewa na watu walioajiriwa, na wengine wao waliofanya kazi hiyo Nairobi wamefika mahakamani kueleza ilivyowaumiza. Kwenye seva kama yetu ilimsubiri mtu mmoja, baada ya saa za kazi.

Wakati huohuo nilikuwa nimeanza kuchungulia nyuma. "Braza, umeenda kujificha wapi?" rafiki yangu mmoja aliniandikia. "Watu wote tuko huku." Ilikuwa kweli. Habari ya kukatika umeme, matokeo ya Simba na Yanga, nani kafariki, yote yalikuwa kule. Na kulikuwa na jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawakulielewa nilipowaeleza: bando. Mitandao yetu ya simu huuza vifurushi rahisi vya WhatsApp na Facebook. Mastodon hula bando la kawaida. Kwa kijana wa bodaboda anayejiunga kwa siku, uhuru huo ni ghali kuliko utumwa.

Basi nikawa nalala huku na kuamkia kule, na mwishowe nikahamia nilikoamkia. Miezi michache tu baada ya ile gharika, karibu milioni moja ya wale waliohama walikuwa wameondoka. Julai 2023 Meta, kampuni mama ya Facebook na Instagram, ikafungua Threads, ikapata watu milioni 100 kwa siku tano, kwa sababu aliyekuwa na Instagram hakuhitaji kuchagua seva wala kujifunza neno jipya. Bluesky, mradi uliochipuka ndani ya Twitter yenyewe mwaka 2019, ikafungua milango kwa wote Februari 2024. Brazil ilipoifungia X, jina jipya la Twitter, mwishoni mwa Agosti mwaka huo, Wabrazil kwa mamilioni wakamiminika humo. Itifaki yake ni ya wazi, lakini wengi mno wa walio humo wanalala kwenye mitambo ya kampuni ileile moja. Majengo yamebadilika, tabia ya wapangaji ni ileile.

Mei 2025 X ilifungiwa Tanzania. Nilidhani sasa wenzangu watanikumbuka. Mtandao wenye maelfu ya milango si rahisi kuufunga kwa kufuli moja, nami nilikuwa nimeyasema hayo tangu 2022. Niliowajua walitafuta VPN, wakabaki palepale, wakilalamikia X ndani ya X. Sikuwacheka, maana hata mimi nilikuwa miongoni mwao.

Siku hizi vijana wakiniuliza kama mitandao hii iliyogatuliwa ilishindwa, nasita. Mitambo haikushindwa. Mastodon ipo, Rochko aliijenga kwa michango na inafanya kazi. Kilichotushinda ni kile tunachokijua tangu utoto. Kisima cha mtaa hakina mwenyewe, kwa hiyo kinahitaji zamu. Mfuko wa kufa na kuzikana haudumu kwa watu wanaosubiri kuzikwa tu. Tulihama kutoka kwa tajiri aliyetuuza, tukaenda kumchosha maskini aliyetukaribisha, kisha tukasema nyumba yake haikuwa imara.

Nina akaunti mpya kwenye seva nyingine ndogo. Kila mwezi naichangia shilingi elfu tano kwa ile kadi niliyosema sina, na jioni za Jumapili nasoma malalamiko ya Kiswahili. Wiki iliyopita yalikuwa mawili. Moja lilikuwa tusi, jingine utani wa Msukuma kwa Mzaramo ambao mashine ilitaka kuufuta. Yule kijana nimemtafuta nimwombe radhi, sikumpata.

Nawe kama una akaunti kwenye seva ya aina hii, kabla hujalala leo tafuta jina la anayeilipia. Mwulize bili ya mwezi huu imetimia, na nani anasoma malalamiko ya Kiswahili. Akikupa jembe, lipokee.