Kasi Isiyopimwa na Haki ya Mhojiwa

Kila mwaka wanafunzi wetu hurudi kutoka vijijini na madodoso yao, na mengi huingizwa na kuchambuliwa kwenye kompyuta moja ya idara. Mama aliyesimulia jinsi shamba lake lilivyotwaliwa hugeuka kuwa mstari mmoja wa tarakimu. Sisi wa sayansi ya jamii hubishana sana kuhusu namna ya kuuliza maswali. Ni mara chache tunauliza kama tarakimu hizo hubaki vilevile zikishaingia ndani ya mashine.

Zikiwa zinachambuliwa, tarakimu hizo hukaa kwenye RAM. Humo kila biti huhifadhiwa kama chaji ya umeme ndani ya kapasita ndogo mno, nayo chaji huvuja. Kwa hiyo kila biti lazima ihuishwe upya, kwa kawaida ndani ya milisekunde 64, na chipu ikizidi nyuzi joto 85 muda huo hupunguzwa hadi 32. Prosesa inapoomba tarakimu, hulazimika pia kusubiri idadi maalumu ya mapigo ya saa ya RAM. Katika kipande cha DDR4 cha kasi ya 3200 chenye kusubiri mapigo 16, subira hiyo ni nanosekunde 10. Ukipunguza mapigo, au ukiyaharakisha, mashine huenda kasi zaidi, mpaka inapofika mahali inasoma kabla jibu halijawa tayari. Hapo sifuri yaweza kusomwa kuwa moja.

Raia pia anapaswa kujua kwamba kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi si ile ambayo kipande huanza nayo. Vipande vingi vya DDR4 huwaka kwa 2133, 2400 au 2666, kwa umeme wa volti 1.2. Kasi ya juu hupatikana kwa kuwasha mpangilio uitwao XMP, ambao kwa kawaida hupandisha umeme hadi volti 1.35. Mtengenezaji amekipima kipande chake. Hajakipima pamoja na prosesa yako, wala na vipande vingine vitatu, wala katika joto la chumba chako.

Mwaka jana fundi wetu, kijana hodari, aliongeza vipande viwili juu ya viwili vilivyokuwapo, akawasha mpangilio huo wa 3200. Mashine ikawa nyepesi, watu wakafurahi. Niliomba ipimwe kwa programu ya Memtest86+ kabla data ya mwanafunzi yeyote haijaguswa. Usiku kucha haikuonyesha kosa. Alasiri iliyofuata, joto la Dar es Salaam lilipopanda, yakatokea makosa matatu.

“Mwalimu, matatu tu katika mabilioni, na mashine inawaka vizuri,” alisema. Tulikubaliana kushusha kasi hadi 2933 na kuacha mapigo yaleyale 16. Subira ikapanda hadi takriban nanosekunde 10.9. Tulipima tena siku mbili mfululizo, mchana na usiku, bila kosa hata moja. Tangu hapo sijamsikia mtu akilalamika kwamba mashine imekuwa nzito.

Kwa nini makosa matatu yanikoseshe usingizi? Kwa sababu hayapigi kelele. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa Mei 2003, huko Schaerbeek, mgombea mmoja alipewa kura 4096 za ziada na mashine ya kura. Programu ilikaguliwa, kasoro haikuonekana. Lakini 4096 ni thamani kamili ya biti moja, hivyo maelezo yaliyobaki ni kwamba biti moja iligeuka yenyewe ndani ya kumbukumbu. Sidai kwamba mashine ile iliharakishwa. Ninachokitazama ni jinsi kosa lilivyogunduliwa: kura zilizidi idadi iliyowezekana. Kama biti iliyogeuka ingekuwa na thamani ya kura 4, nani angeuliza?

Zipo kumbukumbu za kujisahihisha, ziitwazo ECC, ambazo huongeza biti 8 kwa kila biti 64 ili kosa la biti moja lirekebishwe. Ni za kawaida kwenye seva. Kwenye kompyuta za mezani, ambako orodha za mishahara, viwanja na alama za mitihani huandaliwa, ni nadra. Katika nyaraka za manunuzi nilizowahi kuzisoma, ukubwa na kasi vilitajwa. Kipimo cha uthabiti sikukiona.

Tumelelewa kuisifu kasi. Tangu kaulimbiu ya 2005 imekuwa karibu sawa na uongozi bora. Siipingi. Ninachouliza ni nani hufaidi na nani hulipa. Mashine inapoharakishwa bila kupimwa, faida humwendea aliyeketi mbele yake. Gharama ya kosa humwangukia asiyekuwapo: mhojiwa, mpiga kura, mstaafu anayesubiri kiinua mgongo. Hao hawawezi kuona skrini. Ndiyo maana afisa anayepokea kompyuta mpya ana wajibu wa kudai, kabla ya kutia saini, aonyeshwe imepimwa kwa saa ngapi, na katika joto gani.