SIMU INAGANDA? USIIUZE KWANZA, SOMA HAPA

Wadau, leo hakuna ubuyu wa staa. Kuna jamaa hapa Kasulu, jina kapuni, fundi maarufu kweli. Kila simu ikiganda anasema "memori imekufa, niuzie." Dada mmoja wa Kibondo nusura amuachie yake kwa bei ya kutupa, na hiyo simu ndiyo duka lake la vitenge.

Nikamwambia, "Dada, izime kwanza, iwashe." Ikarudi fresh. Kwa nini?

Ndani ya simu kuna draiva. Sio dereva wa Hiace jamani! Ni programu inayoendesha kamera, spika, Wi-Fi. Android imejengwa juu ya Linux, na humo draiva ikitaka nafasi ya memori inaomba kwa kmalloc, ikimaliza inarudisha kwa kfree. App ya kawaida ukiifunga kabisa, mfumo unainyang'anya nafasi yake. Draiva hainyang'anywi. Ikisahau kurudisha, deni linabaki mpaka uzime simu.

Ndo maana anayeandika draiva lazima awe msafi: akishachukua vitu vitatu, cha nne kikigoma, avirudishe vyote akianzia cha mwisho. Tangu 2007 Linux ina devm, inayofanya usafi huo yenyewe draiva ikishindwa kuanza au ikiondolewa.

Ukizima, ikawa fresh, halafu inaganda tena kila baada ya siku kadhaa? Sasisha mfumo kwanza. Kosa la programu haliponi kwa kuuza simu.

Fundi wa mtaani kwenu anasemaje? Tiririka hapo chini.