Kabla ya Tundu Dogo la Mgongo

Uholanzi, ukimwendea daktari wa familia na maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni na kushuka nyuma ya paja hadi mguuni, dawa ya kwanza atakayokupa ni muda. Hakuandikii MRI, wala sindano hupati. Anakulaza chali, anauinua mguu wako ukiwa umenyooka, huku akikutazama usoni aone ni wapi unakunja uso. Kisha anakutembeza kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Visigino vikigoma, anashuku neva ya L5. Vidole vikigoma, anashuku S1. Mimi nilitembea kote kote, nikapewa paracetamol, nikaambiwa nisilale kitandani kutwa, nirudi baada ya wiki kadhaa kama hali haijabadilika.

Kwa sisi tuliokulia Temeke, daktari anayekurudisha nyumbani na paracetamol amekudharau. Kaka yangu, dereva wa lori la Dar es Salaam hadi Tunduma, alinicheka kwenye simu: “Yaani dada, umevuka bahari kufuata panadol?” Yeye naye mguu ulikuwa unamwaka kipindi hicho hicho. Tayari alikuwa na picha ya MRI kwenye bahasha, sindano za diklofenaki, mkanda wa kiuno na chupa ya mizizi kutoka kwa Mmasai wa stendi. Katika pilikapilika zote hizo, hakuna aliyekuwa ameushika mguu wake akaupima nguvu.

Tukilinganisha matibabu ya mgongo ya Ulaya na ya nyumbani, macho yetu hukimbilia mashine: wenzetu wanapasuliwa kwa tundu dogo, sisi tunachanwa. Nimeishi Den Haag vya kutosha kuona kwamba tofauti kubwa zaidi iko kabla mgonjwa hajafika chumba cha upasuaji.

Kwanza tujue kinachobana. Katikati ya pingili za mgongo kuna diski, ambayo ndani yake ni laini na nje ina ukuta mgumu. Ukuta ukipasuka, sehemu ya ule ulaini hutoka na kuigandamiza neva inayoelekea mguuni. Mara nyingi hutokea kati ya pingili za chini kabisa, L4 na L5, au L5 na S1. Kwa wazee kuna sura nyingine: mfupa na kano hunenepa taratibu, njia ya neva ikawa nyembamba. Mzee wa namna hii hutembea kidogo akalazimika kukaa, lakini akiinama kusukuma mkokoteni anapata nafuu.

Kwa nini daktari wa Uholanzi hana haraka? Kwa sababu kipande cha diski kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe, na mwili hukifyonza. Mwaka 2007 madaktari wa huko huko, Wilco Peul na wenzake, walichapisha utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipasuliwa mapema; la pili liliendelea kutunzwa bila kisu, na upasuaji ukawekwa akiba. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa sawa: watu 95 katika kila 100 walisema wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa pia. Waliobaki kisu hawakukihitaji.

Nami nilikuwa miongoni mwa wasiokihitaji. Shoga yangu wa Mombasa, anayeishi Rotterdam, hakuwa na bahati hiyo. Maumivu yalimgandia, usiku halali, akapelekwa kwa daktari bingwa. Wakati huo ndipo MRI ilipofanyika, na picha ikakubaliana na mguu unaouma. Alipasuliwa kwa bomba. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, mashine ya eksirei huonyesha pingili yenyewe, kisha ngozi huchanwa sentimita mbili hivi. Vijibomba huingizwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia, hadi misuli itanuke bila kubanduliwa kwenye mfupa. Ndani ya bomba la mwisho daktari anatazama kwa hadubini, anakwangua mfupa kidogo, anaisogeza neva pembeni na kukitoa kipande cha diski, cheupe na chenye nyuzinyuzi kama nyama ya kaa. Jioni ile ile mtaalamu wa fiziotherapia alimsimamisha, na kesho yake alirudi nyumbani.

Nilipomsimulia kaka, alitaka tundu hilo hilo. Ndipo nilipomweleza jambo ambalo matangazo ya hospitali binafsi hayalisemi. Mwaka 2009 Waholanzi haohao walichapisha utafiti wa wagonjwa 328, wengine wamefanyiwa kwa bomba, wengine kwa mkato mdogo wa kawaida chini ya hadubini. Bomba halikushinda. Waliofanyiwa kwa njia ya kawaida ndio waliokuwa na maumivu pungufu kidogo ya mguu na mgongo. Mwaka 2022 ukaja utafiti mwingine, wa wagonjwa 613, kuhusu njia ya endoskopi inayopitia ubavuni mwa mgongo kwa ganzi ya sehemu. Hiyo haikuwa duni kuliko ya kawaida, na mgonjwa aliweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tundu dogo lina faida zake, ila linalomponya mgonjwa ni neva kuachiwa, kwa mkono wa daktari aliyeizoea njia anayoitumia.

Na nyumbani mikono hiyo ipo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa miaka mingi imeshirikiana na madaktari wa Weill Cornell ya New York, akiwamo Roger Härtl, bingwa anayejulikana kwa upasuaji wa mgongo wa tundu dogo. Kozi zao za Dar es Salaam zimewakutanisha wapasuaji wa Afrika Mashariki na nje yake. Kaka alipofika hatimaye kwa daktari bingwa, akatembezwa kwa visigino. Mguu wa kulia ukaburuta. Alipasuliwa kwa njia ya kawaida, mshono mrefu kuliko wa shoga yangu, na amerudi barabarani.

Njia ya kufika huko ndiyo ilikuwa ndefu. Zahanati moja binafsi ilimuuzia sindano juu ya sindano. Mtaani aliambiwa anayepasuliwa mgongo hatembei tena. Kisha zikaja pesa. Hapa Uholanzi bima ya lazima hulipa, na mimi hutoa mwenyewe gharama za mwanzo hadi euro 385 kwa mwaka. Yeye alifunguliwa kundi la WhatsApp la michango, na binamu zetu walikwenda kuchangia damu. Hata hivyo, wodini hakukosa mtu wa kumfikishia uji, wakati shoga yangu alirudi kwenye nyumba tupu, na soksi alivalishwa na mimi.

Je, tuige tu utaratibu wa Uholanzi wa kusubiri? La, si mzima mzima. Kwetu maumivu ya mgongo yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa za miezi mingi. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu au mgongo kuanza kupinda si mambo ya kusubiri. Kwa mzee, saratani ya tezi dume nayo huweza kufikia pingili. Cha kuiga ni kusubiri baada ya kupimwa kwa mkono, ukiwa umeambiwa cha kuchunga.

Basi ndugu msomaji, kabla hujauliza tundu lina ukubwa gani, muulize daktari maswali matatu. Je, picha inalingana na mguu unaoniuma? Nikisubiri, nini kinaweza kutokea? Njia hii umeifanya mara nyingi? Na kama una ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mkojo umeziba au unavuja, choo kinakutoka bila kujua, au miguu yote miwili inalegea, usimpigie ndugu wa Ulaya kuomba ushauri. Nenda hospitali kubwa leo hii, kwa sababu neva iliyobanwa namna hiyo huhesabiwa kwa saa.