Malindi ya Milimani na Vita vya Viroboto

Ndugu msomaji asikiapo jina la Malindi, mawazo humwendea pwani ya Kenya, kwenye nguzo ya Vasco da Gama na mchanga wa bahari. Malindi nyingine haina bahari. Iko juu ya milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Mwenye kuiendea huiacha njia kuu pale Mombo, akapanda kona baada ya kona kupitia Soni hadi Lushoto mjini, kisha akaupita msitu wa Magamba kuelekea upande wa Mtae. Huko juu baridi haina mzaha, na viazi na kabichi hustawi hata kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa kuisimamia.

Uzuri huo uliwahi kuficha msiba. Mwaka 1980 tauni ilizuka wilayani Lushoto, na kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikiondoka na kurudi katika vijiji vya milima hii. Walioandikishwa kuugua walizidi 7,000, na waliofariki walihesabiwa kwa mamia. Wanawake na watoto ndio walioumia zaidi.

Tauni haingoji. Kiroboto aliyemnyonya panya mgonjwa akimwuma mtu, homa na mtoki hutokea baada ya siku chache tu, na asiyetibiwa huweza kufa upesi. Dawa ipo, tena si ngeni: sindano ya streptomaisini ikiwahi, wengi hupona. Neno zito ni hilo “ikiwahi.” Katika nchi ya vilima na mabonde, ambako mgonjwa hubebwa kwa machela hadi yapitapo magari, mganga hawezi kuwa wa kwanza kujua. Wa kwanza ni jirani, naye huanza kwa kuona panya waliokufa ovyo ndani ya nyumba, akapeleka habari kabla hajaugua mtu.

Kazi inayofuata ina utaratibu ambao watu wa mjini huukosea. Aonaye panya wengi hukimbilia mtego na sumu. Wakati wa tauni hiyo ni hatari kubwa, kwani panya akifa, viroboto humwacha wakatafuta damu nyingine, na iliyo karibu ni ya mtoto aliyelala sakafuni. Basi viroboto huuawa kwanza, kwa unga wa dawa unaonyunyizwa mashimoni, kandokando ya kuta na chini ya vitanda, panya hufuata. Mzoga haushikwi kwa mkono mtupu. Mahindi yawekwayo darini, juu ya vichwa vya waliolala, nayo ni karamu ya panya. Kuyahamishia ghala la nje ni kazi ya siku moja kwa majirani watano, lakini mjane aliye peke yake huishindwa. Hapo ndipo msaragambo, desturi ya zamani ya milima hii, unapokuwa kinga ya afya.

Tangu katikati ya miaka ya 2000 tauni haijarudi Lushoto kwa kishindo kama kile. Ni neema, ila kijana wa miaka 20 hajapata kuuona mtoki. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hata vijijini na mitaani, nazo huweza kuundwa kwa kikao kimoja. Waliobeba machela miaka ile sasa ni wazee, na bado wanaweza kumwonyesha kijana pa kuutia unga.